Rejista ya Nne

Lifti ilipoungua, jengo zima lilijifunza upya kupanda ngazi, lakini aliyeumia zaidi ni yule asiyeweza kuzipanda kabisa. Mama yake fundi wa lifti hiyo alikaa na fundi mwenyewe, binti yake, ghorofa ya sita, ya juu kuliko zote, na figo zake zilikuwa zimegoma kazi siku nyingi. Mara tatu kwa juma alitakiwa afike hospitali afungwe kwenye mashine ya kusafisha damu. Zamani alishuka kwa lifti kwenye kiti chake cha magurudumu, na kila mlango ulipofunguka aliwasalimia watu wa ghorofa ile kama diwani anayeomba kura. Sasa alishushwa ngazini kwenye kiti cha plastiki, wanaume wanne wamekishika miguu, na safari ya mwisho mmoja wao alijikwaa. Hakuanguka mtu. Lakini kiti kiliinama, nguo ikampanda mama hadi mapajani, na majirani walikuwa wamejipanga ngazini wakitazama.

Aliporudi alisema neno moja tu.

"Mara nyingine nitakayobebwa, nitabebwa nikiwa sijui."

Na mama huyu akisema, amesema. Safari iliyofuata alikataa kutoka kitandani. Binti akambembeleza, akamkaripia, akalia kidogo jikoni, wapi. Nesi alipopigiwa simu hakupamba maneno: akikosa na ya pili, maji yatamjaa mpaka mapafuni. Hiyo ya pili ilikuwa kesho asubuhi.

Kwa hiyo fundi alikuwa na leo tu. Na alikuwa amechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Huu ulikuwa umeshahamia, umetandika na mkeka. Kazi ya kompyuta aliifanyia nyumbani ili awe karibu na mgonjwa, na matokeo yake ni kwamba hakuwa kamili kwenye kazi wala kwa mgonjwa. Njia mbili zilimshinda fisi, na fisi angalau hakuwa na mtu wa kumwita kila dakika amgeuzie mto.

Ukitaka kujua kwa nini kazi ya lifti ilimwangukia yeye, jibu ni kwamba aliitafuta mwenyewe. Kampuni iliyoiunda ilishakufa, na miaka mingi nyuma yeye na kaka yake, ambaye sasa ni marehemu, waliitengenezea akili mpya: bodi ndogo ya kompyuta iliyowekwa chumba cha mashine juu ya paa, na programu waliyoiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Forth. Ni lugha ya watu wavivu wa kusema. Unatunga neno dogo, juu yake unatunga kubwa kidogo, hivyo hivyo mpaka unafika kwenye neno PANDA, na ukilitamka lifti inapanda kweli. Maneno hayo hupeana namba kwa kutumia rundo. Namba huwekwa juu ya rundo kama sahani zilizooshwa, na anayehitaji namba huchukua ya juu.

Umeme ulipokuja kwa fujo ukaichoma ile bodi, chipu ya aina ile ilikuwa haipatikani tena. Fundi alipata nyingine, lakini ya ukoo mwingine. Maneno makubwa yote ya kaka yangeweza kuhamia humo bila kuguswa. Tatizo lilikuwa maneno ya chini kabisa, yale yanayolipanga rundo lenyewe. Hayo hayasimami juu ya neno lingine. Huandikwa kwa kugusa rejista za prosesa, yaani ile chipu inayofikiri, moja kwa moja, vile vijichumba vichache vilivyo ndani ya chipu ambamo kila hesabu hupita, na kila ukoo wa chipu una vijichumba vyake na desturi zake.

Vitabuni maneno hayo yana majina ya kigeni, DUP, SWAP na ndugu zao. Kaka alikuwa mkaidi, akayabatiza upya. NAKILI lilirudufu namba ya juu. TUPA liliitupa. BADILI lilibadilishana mbili za juu, CHUNGULIA likachungulia ya pili na kuleta nakala yake, na ZUNGUSHA likaitoa ya tatu chini na kuileta juu. Tena kaka alikuwa na mtindo wake: sahani ya juu kabisa haikukaa kwenye rundo. Ilishikwa mkononi, yaani kwenye rejista moja isiyoguswa na mtu, na zilizobaki ndizo zikakaa kwenye kumbukumbu. Kazi huenda mbio zaidi hivyo. Mama mwenye nyumba hairudishi sahani kabatini kila anapotaka kuifuta.

Fundi aliufuata mtindo ule kwa heshima ya marehemu. Kwenye chipu mpya aliiteua rejista ya nne iwe mkono, na ya tano ielekeze mahali rundo lilipofika. Tangu asubuhi alikuwa mezani sebuleni akiandika. NAKILI lilimchukua mistari miwili, TUPA vilevile. BADILI lilidai rejista ya tatu ya kuazima, kwa sababu huwezi kubadilishana maji ya vikombe viwili bila kikombe cha tatu. Alijaribu kila neno, akaweka namba, akazitazama zikitoka kama zilivyotakiwa. Ilikuwa kazi ndogo na safi, na kwa muda mfupi aliisahau shingo iliyokuwa ikimuuma.

"Mama!" Sauti ikatoka chumbani. Mama alimwita hivyo kwa sababu binti alichukua jina la bibi yake, mzaa mama. "Maji."

Alikuwa amefika kwenye sehemu ya makatizo. Mlango wa lifti una jicho. Mtu akitia mguu ukiwa unajifunga, jicho linamwita prosesa, na prosesa huacha lolote analofanya akakimbilia mlangoni. Kabla ya kukimbia huweka rejista zake mahali salama, na akirudi huzichukua kama alivyoziacha. Fundi alikuwa akiandika orodha ya rejista za kuhifadhi. Ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Maji, mwanangu."

Akaenda. Maji ya mgonjwa wa figo hupimwa, kikombe kidogo cha kahawa, na mama alikuwa ameshakunywa chake.

"Bado, mama. Saa nane."

"Nilowanishe midomo tu."

"Ukilowanisha unameza. Nakujua."

"Na mimi nakujua. Ulikuwa mtoto mchoyo hivyohivyo."

Wakacheka wote wawili kidogo, akamlowanishia midomo kwa kitambaa, akarudi mezani na kile kikombe mkononi, akakiweka kando na kuendelea kuandika.

Saa saba aliipandisha bodi kwenye chumba cha mashine. Kilikuwa chumba cha joto, kimejaa mota na nyaya na harufu ya grisi, na bomba la maji lilipita ukutani likitokea chini, chumbani kwa mama. Hapo ndipo walipoweka mawasiliano yao. Simu mama aliichukia, eti inataka miwani. Alikuwa na kijiko, na akitaka mtu aligonga bomba, na kwenye chumba cha mashine mlio ule ulikuwa kama umegongwa sikioni.

Msimamizi wa jengo alikuwa chini na viroba vya mchanga. Watu walimwita Funguo kwa sababu alitembea na fungu kubwa la funguo kiunoni, na inasemekana nyingi hazikufungua chochote. Akapakia viroba kwenye lifti, fundi akawasha, na lifti ikapanda hadi ya tatu, ikasimama sawia, ikashuka. Ikaenda ya tano, ya kwanza, ya sita. Fundi aliisikiliza mota akasikia machozi yanamlenga, ya uchovu zaidi kuliko ya furaha.

"Fundi," Funguo akasema kwenye simu, "viroba haviwezi kusifu. Ngoja nipande mwenyewe."

"Bonyeza ya tatu."

Lifti ikaanza. Ikapita ya kwanza na ya pili. Ikapita ya tatu. Ikapita ya nne bila hata kupunguza mwendo, ya tano, ya sita, mpaka ikaigonga swichi ya usalama iliyo juu kabisa ya shimo la lifti, umeme ukakatika, na Funguo akaning'inia chini kidogo ya sakafu aliyosimama fundi.

"Fundi," sauti ikapenya kwenye tundu la kamba. "Hii ni ya tatu?"

"Usiguse kitu."

"Nimeona mengi katika jengo hili, lakini hapa sijawahi kufika."

Ilibidi aachie breki na kumshusha kwa mkono, kuzungusha gurudumu la mota taratibu, jasho likimtoka mpaka vidoleni. Funguo alipotoka ghorofa ya sita alikuwa anatabasamu, lakini funguo zake zilikuwa zikilia bila yeye kutembea.

"Ilikuwa sawa kabisa," akasema, "mpaka mlango ulipotaka kunibana nikatia mguu."

Maneno yale yalikuwa na jibu lote ndani yake, na fundi hakuyasikia. Mtu aliyechoka hutafuta pale alipozoea kutafuta. Akarudi juu, akayafungua upya maneno yake ya rundo, akaanza kuyakagua moja moja. ZUNGUSHA ndilo alilolishuku, kwa sababu ni neno la namba tatu na ni rahisi kuzungusha upande usiotakiwa. Akazishika kichwani: hii iko kwenye rejista ya nne, hii kwenye kumbukumbu, hii nimeiazimia ya kwanza.

Ngo, ngo, ngo. Bomba.

Akashuka. Mama alitaka mto ugeuzwe. Akaugeuza, akapanda. Hii iko kwenye rejista ya nne, hii kwenye...

Ngo, ngo.

"Nani alikuwa anapiga kelele kwenye shimo?"

"Funguo, mama."

"Ameanguka?"

"Hakuanguka."

"Maana funguo zile zingemzamisha."

Safari hii fundi hakucheka. Akapanda. Alikuwa ameanza tu kuzipanga namba zake tatu kichwani bomba lilipolia tena, akashuka ngazi zile akihesabu pumzi, akasimama mlangoni.

"Nini?"

Mama alimtazama. Labda aliona uso, labda alisahau alichotaka. "Nilitaka kujua umefika wapi."

"Sijafika popote." Sauti ilimtoka ngumu kuliko alivyokusudia, kisha ikaendelea yenyewe. "Kila ukigonga, mama, nilichoshika kinaniponyoka, naanza upya. Nafanya haya yote kwa ajili yako. Ukitaka nimalize, usinigongee. Usigonge kabisa mpaka nije mwenyewe kukwambia."

"Haya," mama akasema.

"Mama, si kwamba..."

"Nimesema haya. Nenda."

Akaenda. Bomba likanyamaza, na tusifichane, alisikia raha. Hakuwa amepata saa nzima ya ukimya tangu lini hakumbuki. Akayamaliza maneno yote ya rundo, akayakuta safi. Akakaa sakafuni, mgongo ukutani, kichwa kimetulia, na hapo ndipo maneno ya Funguo yakamrudia. Mpaka nilipotia mguu. Viroba havina miguu. Viroba havikuugusa mlango hata mara moja, ndiyo maana vilifika.

Akafungua sehemu ya makatizo. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya tano.

Aliitazama orodha ile muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Rejista ya nne haikuwemo. Ile ya mkononi, iliyobeba ghorofa anayokwenda mtu. Funguo alipotia mguu, prosesa alikimbilia mlangoni, akaitumia rejista ya nne kushikia alama ya mlango, akarudi akiamini ndiyo ghorofa aliyoagizwa. Akaitafuta ghorofa isiyokuwepo mpaka shimo lilipokwisha. Na fundi alijua hasa ilidondoka wakati gani. Alikuwa ameandika ya tatu, akaitwa, akaenda kulowanisha midomo, akarudi na kikombe.

Kwanza alimkasirikia mama, na tuseme ukweli wake. Halafu akajikasirikia. Kisha hata hasira ikamchosha, akaongeza mstari mmoja wa kuhifadhi na mmoja wa kurudisha, akamwita Funguo.

"Mguu huu nina mmoja tu wa aina yake," Funguo akasema. Lakini aliutia. Mlango ukafunguka, ukajifunga tena, lifti ikapanda mpaka ya tatu ikasimama. Akautia tena, na tena, kwa kila ghorofa, mara mbilimbili kama mtoto aliyepewa kengele. Kila mara lifti ilikatizwa, na kila mara ikaendelea na safari yake.

Fundi aliteremka mbio kumpa mama habari. Aliingia akisema, "Mama, kesho unashuka kama bibi harusi," na kitanda kilikuwa kitupu.

Mama alikuwa sakafuni upande wa ukutani, ameegemeza kichwa kwenye bomba. Miguu ilikuwa imevimba imenyooka, midomo ina rangi isiyo yake, na pumzi ilikuja fupi fupi yenye maji ndani. Kijiko kilikuwa mkononi. Vigae chini yake vilikuwa vimeshapata joto la mwili wake, na kitanda kilikuwa kimepoa kabisa. Hakuwa ameanguka sasa hivi.

"Mama. Mama, mbona hukugonga?"

Ilimchukua pumzi kadhaa kupata neno moja. "Umemaliza?"

"Mbona hukugonga?"

"Nilikuwa nasubiri... uje kuniambia."

Hawakungoja kesho. Funguo na fundi walimwinua wakamkalisha kwenye kiti cha magurudumu, wakamsukuma kwenye lifti. Mlango ulipoanza kujifunga, mkono wa mama uliteleza kutoka mapajani ukatokeza nje. Jicho likauona. Mlango ukarudi nyuma, fundi akaurudisha mkono ule mapajani na kuushikilia hapo, mlango ukajifunga tena. Lifti ikashuka moja kwa moja hadi chini, haikusahau chochote, na fundi hakuisikia. Alikuwa akisikiliza pumzi.

Hospitali nesi alimuuliza huku akifunga mipira, "Ameanza kubanwa saa ngapi?"

"Sijui," fundi akasema.

"Si unakaa naye?"

"Nakaa naye."

Alipona. Mashine ilimtoa maji usiku kucha, na baada ya siku chache alirudi nyumbani, akapanda kwa lifti na kusalimia ghorofa zote, hata zile ambazo hakuna mtu aliyesimama. Funguo alijisifu kwa kila mpangaji kwamba lifti ile imepimwa kwa mguu wake. Mambo yalirudi kama zamani, isipokuwa moja.

Mama hakugonga tena bomba. Wala hakuita. Fundi alimwomba radhi, akaomba tena. Mama akasema yamekwisha, mwanangu, na ilikuwa kweli yamekwisha, hakuwa mtu wa kinyongo. Fundi akamwekea kijiko karibu na mkono. Akamnunulia na kengele ndogo.

"Nitagonga," mama alisema. "Nikihitaji nitagonga."

Lakini alikaa na kiu kimya mpaka saa ya kikombe ifike. Alilalia mto uliojikunja mpaka mtu aingie auone. Siku moja fundi alimkuta blanketi limeanguka sakafuni, mama anatetemeka, kengele iko pale pale.

Kaka alipokuwa akimfundisha mambo ya makatizo, alimwambia ziko njia mbili tu za kujua kama mlango umeguswa. Ama mlango ukuite, ama uende wewe kuuliza. Kuuliza si ujinga, alisema kaka, lakini ni mzigo, maana itakubidi uulize kila mara, hata pale ambapo hakuna kitu, na nusu ya maisha ya prosesa itaishia njiani. Ndiyo maana walifunga lile jicho. Kifaa kisichoweza kuita, alisema, huna ujanja nacho, utakiuliza tu.

Sasa fundi alikuwa mezani sebuleni, kazi ya mtu mwingine mbele yake, namba tatu kichwani na mkono juu ya herufi. Chumbani kulikuwa kimya. Alisikiliza kidogo, akajua kwamba kimya kile hakimwambii chochote. Akaziacha namba zianguke, akainuka, shingo ikiuma, akaenda hadi mlangoni.

"Mama, unataka kitu?"

"Hapana, mwanangu. Endelea na kazi."

Akarudi akakaa, akaanza kuzipanga upya tangu ya kwanza. Kisha akainuka tena kwenda kuuliza.